Mabingwa na Mashujaa: Mwaka wa Michezo 1978 Ukitazamwa kutoka Bukoba na Muleba

Ikisiri

Insha hii inachunguza mwaka 1978 kama mwaka wa michezo na kama mwaka wa vita. Katika kumbukumbu za michezo duniani, mwaka huo unatajwa kwa Kombe la Dunia la Argentina, kwa rekodi nne za Henry Rono na kwa Muhammad Ali kuutwaa ubingwa wa dunia mara ya tatu. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mwaka huohuo unakumbukwa kwa mabomu, kwa uvamizi wa majeshi ya Idi Amin na kwa wakimbizi. Kumbukumbu hizo mbili hukutana katika tukio moja: Amin alipomwita Mwalimu Julius Nyerere ulingoni, Ali awe mwamuzi. Insha inadai kwamba tukio hilo, ambalo ulimwengu umelihifadhi kama kichekesho, haliwezi kueleweka bila kuzingatia nafasi ya michezo katika utawala wa Amin na katika uhusiano wa Tanzania na Uganda tangu 1971. Inadai pia kwamba kulisimulia kama mzaha tu ni kuwafuta watu wa Kagera katika historia yao wenyewe.

1.0 Utangulizi

Vitabu vya kumbukumbu za michezo hupangwa kwa mwaka. Kila mwaka una orodha yake ya mabingwa, na orodha ya mwaka 1978 ni ndefu. Argentina ilitwaa Kombe la Dunia la kandanda. Björn Borg na Martina Navratilova walishinda tenisi huko Wimbledon. Bernard Hinault alishinda mbio za baiskeli za kuizunguka Ufaransa kwa mara ya kwanza. Mario Andretti alikuwa bingwa wa mbio za magari, na Anatoly Karpov alilitetea taji lake la sataranji dhidi ya Viktor Korchnoi mjini Baguio, Ufilipino. Katika orodha ya namna hiyo mwaka huanza Januari na kumalizika Desemba, na kila tukio hukaa mahali pake bila kugusana na jingine.

Mpangilio huo una manufaa kwa mtafutaji wa majina na tarehe. Kwa mwanahistoria una upungufu, kwa sababu hauonyeshi mwaka huo ulikuwa na maana gani kwa watu wa mahali fulani. Kwa mkazi wa Bukoba, mwaka 1978 haukugawanyika kwa misimu ya mashindano. Uligawanyika sehemu mbili: kabla ya Oktoba na baada ya Oktoba. Kazi iliyoandikwa kuhusu sehemu ya pili si haba. Baldwin Mzirai alichapisha Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika aliitungia vita hiyo utenzi uliochapishwa mwaka 1981. Kazi hizo zimehusu vita na siasa. Insha hii inaziweka sehemu mbili za mwaka pamoja na kuuliza swali moja: michezo ya 1978 ilikuwa na uhusiano gani na maafa yaliyofuata, na uhusiano huo umekumbukwaje?

Ieleweke tangu mwanzo kwamba haidaiwi hapa kuwa michezo ilileta vita. Vyanzo vya Vita vya Kagera ni vya kisiasa na kijeshi. Hoja ni kwamba michezo ilikuwa mojawapo ya lugha ambazo watawala walizitumia kusemea nguvu, na kwamba lugha hiyo ilitumika hadharani wakati raia wa Kagera walipokuwa wakiuawa.

2.0 Bukoba na Muleba kabla ya 1978

Hadi mwaka 1979 eneo linalojulikana leo kama Mkoa wa Kagera liliitwa Mkoa wa Ziwa Magharibi. Sensa ya Agosti 1978 ilionyesha kwamba mkoa huo ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Bukoba, mji mkuu wa mkoa, uko kando ya Ziwa Viktoria. Muleba iko kusini yake, kwenye barabara inayoelekea Biharamulo. Pande zote mbili ni nchi ya migomba na kahawa, na wenyeji wake wengi ni Wahaya.

Mpaka wa Tanzania na Uganda katika eneo hili ulichorwa na wakoloni kwa kufuata mstari wa nyuzi moja kusini ya Ikweta, wala si kwa kufuata mto. Matokeo yake ni kwamba ukanda wa ardhi ulioko kaskazini ya Mto Kagera, kuanzia Kyaka hadi Mutukula, ni wa Tanzania ingawa mto unautenga na sehemu nyingine ya mkoa. Eneo hilo leo limo katika Wilaya ya Missenyi. Wakati huo lilikuwa sehemu ya Bukoba. Daraja la Kyaka ndilo lililokuwa kiungo chake kikuu na kusini.

Mpaka huo haukuwahi kuwa ukuta. Wahaya wengi walikwenda Buganda kutafuta kazi na kufanya biashara tangu enzi za ukoloni, na meli za ziwani ziliunganisha Bukoba na bandari za Uganda kama zilivyoiunganisha na Mwanza. Michezo ya kisasa nayo ilienea pande zote mbili za mpaka kwa njia zinazofanana: shule za misheni na za serikali, majeshi na miji. Mtoto wa Kamachumu au Nshamba aliyecheza mpira wa majani makavu ya migomba alicheza mchezo uleule na mtoto wa Masaka.

Habari za michezo zilifika kwa redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilianza kuipata katika miaka ya 1990. Kwa hiyo Kombe la Dunia na mapambano ya ndondi yalikuwa, kwa watu wengi, mambo ya kusikia. Wasikilizaji wa Bukoba waliweza kuisikia Radio Tanzania Dar es Salaam na pia Radio Uganda kutoka ng'ambo. Jambo hili litakuwa na uzito baadaye, kwa kuwa mwito wa Amin wa kupigana ulingoni ulitangazwa kwa redio hiyohiyo ya Uganda.

Uhusiano wa serikali mbili ulikuwa mbaya tangu Januari 1971, Amin alipompindua Milton Obote na Nyerere akampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliingia Uganda wakitokea Tanzania na kushindwa. Amin alijibu kwa kuipiga Bukoba kwa mabomu ya ndege, kisha Mwanza. Mapatano ya Mogadishu ya Oktoba 1972 yalizuia vita isiendelee, lakini uhasama haukuisha.

Hata hivyo, uwanja wa mpira ulibaki wazi. Mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya mabomu ya Bukoba, timu ya taifa ya Tanzania ilicheza fainali ya Kombe la Afrika Mashariki na Kati mjini Kampala na kufungwa na Uganda 2-1. Mwaka 1974 fainali ilichezwa Dar es Salaam kati ya timu hizohizo. Zilitoka sare ya 1-1, na Tanzania ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mashindano ya kandanda ya kanda yaliendelea. Kwa hiyo, mwaka 1978 ulipoanza, michezo ilikuwa miongoni mwa mambo machache ambayo bado yaliwakutanisha Watanzania na Waganda kwa kanuni zilizokubaliwa na pande zote.

3.0 Miezi ya ushindi: Januari hadi Septemba 1978

3.1 Uganda uwanjani

Mwaka 1978 ulikuwa mmojawapo wa miaka bora katika historia ya kandanda ya Uganda. Klabu ya Halmashauri ya Jiji la Kampala, KCC, ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati mjini Kampala kwa kuishinda Simba ya Dar es Salaam kwa penalti 3-2 baada ya sare ya bila kufungana. Mwezi Machi timu ya taifa ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana. Iliitoa Nigeria katika nusu fainali kwa mabao 2-1, kisha ikafungwa na wenyeji 2-0 mjini Accra. Philip Omondi wa KCC alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano hayo. Hakuna timu ya taifa ya Uganda iliyofika mbali kiasi hicho tangu wakati huo.

Ushindi huo ulipatikana chini ya utawala ulioibana michezo kama ulivyobana mambo mengine. Mwaka 1977 klabu ya Express, mojawapo ya klabu zenye wapenzi wengi Kampala, ilipigwa marufuku kwa kutuhumiwa kuipinga serikali. Bingwa wa ligi ya Uganda wa mwaka 1978 alikuwa Simba, timu ya jeshi. Tanzania Bara nayo ilikuwa na bingwa mwenye jina hilohilo, Simba ya Dar es Salaam, iliyokuwa katikati ya mfululizo wake wa ubingwa kuanzia 1976 hadi 1980. Kufanana kwa majina ni kwa bahati, lakini tofauti kati ya klabu hizo ina maana. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa klabu ya wanachama raia. Ya Uganda ilikuwa ya wanajeshi, katika nchi ambayo jeshi lilikuwa limeshika kila kitu.

Amin mwenyewe alitokana na michezo ya jeshi. Alikuwa askari wa King's African Rifles na, kama inavyoelezwa katika maandishi mengi, bingwa wa ndondi wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi katika miaka ya 1950. Alipokuwa rais aliendelea kujionyesha kama mwanamichezo: ulingoni, katika mbio za magari, bwawani. Kwake ubingwa ulikuwa hoja ya kisiasa. Aliyeweza kumwangusha mwenzake kwa ngumi alistahili kutawala.

3.2 Argentina

Kombe la Dunia lilichezwa Argentina kuanzia tarehe 1 hadi 25 Juni. Kwa Afrika, tukio kubwa lilikuwa ushindi wa Tunisia dhidi ya Meksiko, mabao 3-1, ambao ulikuwa ushindi wa kwanza wa timu ya Afrika katika fainali za Kombe la Dunia. Wenyeji waliishinda Uholanzi 3-1 katika fainali baada ya muda wa nyongeza, na Mario Kempes alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao sita.

Argentina ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Jorge Videla tangu 1976, na kikombe hicho kiliwapa watawala nafasi ya kuuonyesha ulimwengu nchi yenye furaha wakati wapinzani wao walikuwa wakitekwa na kuuawa. Mfano huu unasaidia kuiona Uganda katika sura pana zaidi. Amin hakuwa kituko cha pekee. Mwaka 1978 ulikuwa na tawala kadhaa zilizojua thamani ya uwanja uliojaa watu.

3.3 Algiers na Edmonton

Kwa riadha ya Afrika Mashariki mwaka huo ulikuwa wa neema. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Alianza na mita 5,000 mwezi Aprili kwa dakika 13 na sekunde 8.4, akafuatia na mbio za kuruka viunzi na maji mwezi Mei, kisha mita 10,000 na mita 3,000 mwezi Juni. Mwezi Julai alishinda medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Algiers, na Filbert Bayi wa Tanzania alishinda mita 1,500.

Mwezi Agosti ilifuata Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada. Gidamis Shahanga wa Tanzania alishinda mbio ndefu za maratoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 39. Bayi alipata medali ya fedha katika mita 1,500 nyuma ya Mwingereza David Moorcroft, kwa tofauti iliyozidi kidogo tu sehemu ya kumi ya sekunde. Uganda haikuwapo. Serikali ya Amin ilisusia ikidai kwamba Kanada ilikuwa na uhasama nayo. Nigeria ilisusia kwa sababu nyingine, nayo ni uhusiano wa kimichezo wa New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi.

Matukio haya mawili yanaonyesha hali ya Uganda katikati ya mwaka. Machi ilikuwa fainalini mjini Accra. Agosti ilikuwa nje ya Edmonton. Nchi yenye wanamichezo hodari ilikuwa ikifungiwa milango, na mingine ikijifungia yenyewe. John Akii-Bua, aliyeiletea Uganda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972 katika mita 400 za kuruka viunzi, alikuwa tayari ameikosa Olimpiki ya 1976 kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika. Tanzania nayo ilikuwa miongoni mwa waliogoma mwaka huo. Kususia, kwa hiyo, hakukuwa silaha ya Amin peke yake. Tofauti ilikuwa katika sababu: Tanzania ilisusia kwa ajili ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na Amin alisusia kwa ajili ya heshima yake.

3.4 Muhammad Ali

Tarehe 15 Februari Ali alipoteza ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mjini Las Vegas mbele ya Leon Spinks, kijana aliyekuwa na mapambano machache tu ya kulipwa. Tarehe 15 Septemba aliurejesha mjini New Orleans, akawa mtu wa kwanza kuutwaa ubingwa huo mara tatu. Barani Afrika, Ali alikuwa zaidi ya bondia. Alikuwa mtu mweusi aliyekataa kwenda vitani Vietnam, Mwislamu aliyetangaza imani yake, na mshindi wa pambano la Kinshasa la 1974. Majuma sita tu yalipita kati ya ushindi wake wa New Orleans na uvamizi wa Kagera. Jina lililokuwa midomoni mwa watu wengi ndilo ambalo Amin alilichukua.

4.0 Oktoba hadi Desemba: mwaka unavunjika

Katika nusu ya pili ya Oktoba 1978 ndege za Uganda ziliishambulia Bukoba. Madhara kwa majengo hayakuwa makubwa, lakini hofu ilienea, hasa kwa watu walioyakumbuka mabomu ya 1972. Tarehe 30 Oktoba majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Mutukula, yakaukalia ukanda wote wa kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo, lenye kilometa za mraba zipatazo 1,800, ni sehemu ya Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa.

Kilichotokea kaskazini ya mto kilikuwa mauaji, ubakaji, utekaji na uporaji. Inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Makumi ya maelfu walikimbia. Ng'ombe waliswagwa hadi Uganda, na mitambo ya kiwanda cha sukari cha Kagera iliporwa. Katika mji wa Bukoba wakazi wengi walihama. Barabara ya kusini, inayopita Muleba, ikawa njia ya watu wenye mizigo kichwani na watoto mgongoni, na kwa upande wa pili ikawa njia ya askari waliokwenda mstari wa mbele.

Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba na kutangaza kwamba Tanzania ilikuwa na sababu, uwezo na nia ya kumpiga mvamizi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliongezwa kwa makumi ya maelfu ya watu, wakiwamo mgambo kutoka kila mkoa. Hapa pana jambo ambalo orodha ya mabingwa haiwezi kulionyesha. Umri wa mchezaji na umri wa askari ni mmoja. Vijana waliostahili kuwa uwanjani katika miezi ya mwisho ya 1978 ndio waliostahili kuchukuliwa na jeshi, Tanzania na Uganda pia.

Tarehe 21 Novemba 1978, mjini Paris, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni lilipitisha Mkataba wa Kimataifa wa Elimu ya Viungo na Michezo, uliotamka kwamba kushiriki michezo ni haki ya msingi ya kila mtu. Mkataba huo ni hatua ya kweli katika historia ya michezo na hustahili kutajwa katika kila orodha ya mwaka huo. Ila kwa mtoto wa Kyaka, juma hilo halikuwa juma la kudai haki ya kucheza. Lilikuwa juma la kutafuta mahali pa kulala.

5.0 Mwito wa ulingoni

Katika hali hiyo ndipo Amin alipotoa mwito wake. Kupitia Radio Uganda ilitangazwa kwamba rais alikuwa akijiandaa kimwili ili apambane na Nyerere ulingoni, askari wasife vitani. Kwamba Muhammad Ali angefaa kuwa mwamuzi. Na kwamba, kwa kuwa yeye alikuwa bingwa wa zamani, angekubali kupigana mkono mmoja ukiwa umefungwa ili kumpa mpinzani wake nafasi. Nyerere alikuwa na umri wa miaka 56, mwembamba, mwalimu kwa kazi na kwa jina. Vyombo vya habari vya dunia viliichukua habari hiyo kwa furaha, na hadi leo hurudiwa katika makala za vituko vya madikteta.

Tafsiri ya kawaida ni kwamba Amin alikuwa mwendawazimu au mchekeshaji. Tafsiri hiyo haitoshi, na kwa sababu tatu.

Kwanza, mwito huo ulifuata mantiki ya siasa yake yote. Kama ilivyoonyeshwa, Amin aliuona ubingwa wa mwili kuwa uthibitisho wa haki ya kutawala. Kumwita Nyerere ulingoni kulikuwa kumhamisha kutoka uwanja aliokuwa na nguvu, yaani hoja, sheria na heshima barani Afrika, hadi uwanja ambao Amin alijua angeshinda.

Pili, mwito ulikuwa na kazi ya kidiplomasia. Mwezi huohuo wa Novemba Tanzania ilitaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulaani uvamizi, na Amin alikuwa akizungumzia kuondoa majeshi kwa masharti. Pendekezo la pambano la watu wawili liliigeuza vita ya uvamizi kuwa ugomvi wa watu wawili. Katika ndondi pande zote mbili zina haki sawa. Kila mmoja ana kona yake, na mwamuzi hamuulizi yeyote aliingiaje ulingoni. Ndiyo maana mfano wa ulingo ulimfaa mvamizi. Tanzania haikuuchukua kuwa pendekezo la amani, na haikuwa na sababu ya kuuchukua hivyo.

Tatu, mwito ulilitumia jina la Ali kama cheti cha heshima. Amin alikuwa akipoteza marafiki. Kumtaja bingwa aliyependwa na Waafrika, na Mwislamu, kulikuwa kujiweka karibu na heshima ambayo serikali yake haikuwa nayo tena. Ali hakuhusika kwa namna yoyote.

Kwa hiyo mzaha huo ulikuwa na shabaha. Kosa la waandishi wengi waliofuata si kucheka. Maneno yenyewe yanachekesha. Kosa ni kuyasimulia bila mahali. Katika masimulizi hayo kuna Amin, kuna Nyerere na kuna Ali, lakini hakuna Kyaka, hakuna Bukoba, wala barabara ya Muleba. Watu ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikipiganiwa wameondolewa katika hadithi, wakabaki mabondia wawili na mwamuzi mmoja.

6.0 Baada ya 1978

Majeshi ya Tanzania yaliikomboa Kagera, yakaiteka Mutukula Januari 1979, Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari, na Kampala tarehe 11 Aprili. Amin alikimbia. Akii-Bua naye aliikimbia Uganda mwaka huo na kwenda Kenya. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera, jina la mto uliogeuka mstari wa vita.

Ali alifika kweli Tanzania, lakini kwa kazi nyingine. Februari 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma kuzishawishi nchi kadhaa za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Urusi nchini Afghanistan. Nyerere hakumpokea. Tanzania haikuona sawa kwamba Marekani, ambayo haikuunga mkono mgomo wa Waafrika wa 1976, itake Afrika iunge mkono wa kwake, tena kwa kumtuma mwanamichezo. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hadi sasa hizo ndizo medali pekee za Olimpiki za nchi hiyo. Yule ambaye Amin alitaka kumfanya mwamuzi kati yake na Nyerere hakupata hata kuonana na Nyerere. Mara zote mbili jina la bingwa lilitumiwa na dola, na mara zote mbili Nyerere alikataa kuiacha siasa iamuliwe na umaarufu wa ulingoni.

Katika Kagera yenyewe kumbukumbu ilichukua sura nyingine. Huko Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya mashujaa ambamo wamezikwa mamia ya askari wa Tanzania waliofia vita hivyo. Makaburi hayo hutembelewa na viongozi na wananchi, hasa karibu na Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Mjini Bukoba, katika uwanja wa Kaitaba, timu ya Kagera Sugar imecheza Ligi Kuu kwa miaka mingi ikibeba jina la kiwanda kilekile kilichoporwa mwaka 1978. Mpenzi wa kandanda wa Dar es Salaam anapolitaja jina hilo hufikiria pointi tatu za ugenini. Mzee wa Missenyi anaweza kufikiria mitambo iliyobebwa kwenye malori.

7.0 Hitimisho

Insha imeonyesha mambo matatu. Michezo ilidumisha ukaribu wa Tanzania na Uganda katika miaka ambayo siasa iliwatenga, kama fainali za 1973, 1974 na 1978 zinavyothibitisha. Utawala wa Amin uliugeuza ubingwa kuwa lugha ya madaraka, na mwito wa ulingoni ulikuwa tamko la mwisho na la wazi kabisa la lugha hiyo. Na masimulizi yaliyofuata yamekuwa na mwelekeo wa kuihifadhi lugha ya Amin na kuwasahau waliolipa gharama.

Kiswahili hutofautisha bingwa na shujaa, ingawa watangazaji wa mpira huyachanganya. Bingwa hupatikana kwa kanuni zilizokubaliwa, na anayeshindwa hurudi nyumbani. Katika kumbukumbu za mwaka 1978 mabingwa wana kurasa zao, na wanazistahili: Rono, Shahanga, Bayi, Omondi, Ali. Mashujaa wa mwaka huo wako Kaboya. Raia waliouawa kaskazini ya mto hawana jina katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Walioshuhudia wakiwa vijana sasa ni wazee, na kumbukumbu zao za mwaka huo, za redio na za barabara ya Muleba, zinahitaji kukusanywa na kuandikwa wangali hai. Bila hivyo mwaka 1978 utaendelea kusimuliwa na watu wanaoujua ulingo na wasioujua mto.